Ukuta ubaki, utobolewe dirisha: jiko la mita 3 kwa 3.6

*Swali: Habari za kazi, msanifu. Tunajenga Kigamboni, Dar es Salaam. Nyumba imefika linta, ile boriti ya zege juu ya milango na madirisha, na tunatarajia kupaua mwezi ujao. Chumba cha jiko ni mita 3 kwa 3.6. Ukuta mfupi wa nyuma unatazama magharibi, una nafasi ya dirisha na mlango wa kutokea uani. Ukuta mfupi wa pili unatutenganisha na chumba cha kulia na sebule, nao una mlango. Milango yote miwili iko upande wa kulia, inatazamana. Ukuta mrefu wa kushoto ni wa nje. Nimehifadhi picha nyingi kwenye simu: majiko meupe yaliyo wazi kwa sebule, yenye kile "kisiwa", yaani kaunta iliyosimama peke yake katikati, na viti virefu. Mume wangu naye anataka ukuta uvunjwe kabla ya kupaua. Fundi wa makabati ametupa bei ya makabati ya MDF, juu na chini, na imekula karibu bajeti yote ya jiko. Ila tunaishi na mama mkwe. Anapika kwa mkaa, anakuna nazi mwenyewe na miguu haimruhusu kusimama sana. Samaki tunapika karibu kila siku. Naogopa tutajenga jiko la picha halafu tusilitumie. Tuvunje ukuta? Tuchukue makabati hayo? Na mtungi wa gesi uwekwe wapi?*

Dada yangu, hofu uliyoiweka mwishoni mimi ningeitanguliza. Nimeshaingia nyumba kadhaa hapa mjini zenye jiko la kuonyesha wageni. Makabati yanameta, jiko la gesi bado lina nailoni ya dukani, na huko nyuma kuna kibanda cha bati chenye masizi ambamo chakula cha watu hao hupikwa kila siku. Mwenye nyumba amelipia majiko mawili na anatumia lile baya. Ninyi mmebahatika kuuliza kabla ya kupaua na kabla ya plasta, wakati ambao kubadili mawazo bado ni rahisi.

Nikupe majibu kwanza. Ukuta msiuvunje, utoboeni dirisha la kupitishia chakula. Makabati ya chini ya MDF yaacheni, kaunta imwagwe zege. Mtungi ukae nje, upande wa kushoto. Na fedha itakayobaki iende kwenye kibaraza cha nyuma, kwa ajili ya mama. Sasa nieleze sababu, maana mume wako hatakubali kwa neno langu tu, na hana sababu ya kukubali.

Kisiwa kina hesabu nyepesi. Kaunta ya kawaida ina kina cha sentimita 60. Mtu anayeinama kufungua oveni au droo anahitaji kama mita 1 nyuma yake, na wawili wakipishana na masufuria mkononi wanahitaji mita 1.2. Kisiwa chembamba kabisa chenye maana ni sentimita 60, na ukitaka watu wakae upande wa pili na magoti yaingie, kifike 90. Haya, jumlisha kwa upana wa chumba chako: 60 za kaunta, 100 za njia, 60 za kisiwa, 90 za njia ya pili. Ni mita 3.1. Chumba kina mita 3, tena plasta na vigae bado havijachukua sehemu yao. Kwa hiyo kisiwa kingeingia kwa kumega chumba cha kulia, yaani mngeisukuma meza ya kulia chakula ili mpate meza ya kukatia vitunguu.

Zile picha pia zina asili yake, na ni vizuri uijue. Jiko la makabati yaliyopangwa ukutani, yenye kaunta moja ndefu, lina baba zake wengi, lakini linalotajwa zaidi ni lile lililobuniwa Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1926 na msanifu majengo Margarete Schütte-Lihotzky. Lilikuwa chumba cha mita 1.9 kwa 3.4, kidogo kuliko chako. Alihesabu hatua za mpishi na kuangalia jinsi majiko ya mabehewa ya treni yalivyopangwa, na nyumba kama 10,000 zikajengwa na jiko hilo. Kazi ya akili sana. Lakini lilikusudiwa mwanamke mmoja, peke yake, aliyefunga mlango. Jikoni kwetu kuna wewe, mama, binti wa kazi au mtoto anayemenya vitunguu saumu, na jirani aliyekuja kuomba chumvi akabaki kupiga soga. Tuchukue akili yake ya kuhesabu hatua, vipimo tuvitoe kwetu.

Wengi hudhani jiko wazi linapunguza joto na harufu kwa sababu "hewa inapita". Hewa inapita kweli, ila inaelekea wapi? Kigamboni mna pepo kubwa mbili. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, kama Desemba hadi Machi, na kusi kutoka kusini na kusini mashariki, kama Aprili hadi Oktoba. Zote zina sehemu ya mashariki ndani yake, na mchana upepo wa bahari huziongezea nguvu. Jiko lenu liko magharibi, nyuma ya upepo. Aliyewachorea ramani, kwa kujua au kwa bahati, amewafanyia jambo jema: mchana hewa itaingia mbele, ipite sebuleni, iingie jikoni na kutokea nyuma pamoja na harufu yake. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa upesi kuliko bahari, upepo wa bahari hufa, na kuelekea alfajiri huja ule wa bara ambao wavuvi wengi huuita umande. Samaki aliyekaangwa saa mbili usiku hana upepo wa kumsukuma nje. Mvuke wa mafuta huo, ambao kwa macho huuoni, hutua kwenye pazia na makochi na kukaa humo wiki nzima. Kitambaa hunyonya mafuta, vigae hufutwa.

Ndiyo maana nasema dirisha. Kwenye ukuta wa chumba cha kulia, kona ya kushoto, acheni uwazi wa upana wa mita 1.1 hivi, kizingiti chake kiwe mita 1 kutoka sakafuni, na uwe na vibao viwili vya mninga vya kufungua na kufunga. Mchana wazi: hewa inapita, unaongea na walio sebuleni, watoto wanaonekana wakiandika kazi za shule. Ukikaanga usiku, funga. Jiko lililobomolewa ukuta halina pa kufungwa.

Kuna watakaokuambia ununue kifyonza moshi, basi mambo yameisha. Vipo vya aina mbili. Kimoja kina bomba la kutoa hewa nje, na hicho kinafanya kazi. Kingine hunyonya hewa, huipitisha kwenye chujio na kuirudisha humo humo chumbani. Kitapunguza mafuta na harufu kiasi, lakini joto na unyevu vyote unabaki navyo. Wauzaji hawapendi kuanza na habari hiyo. Ukinunua, nunua chenye bomba, kikae sentimita 65 hadi 75 juu ya jiko la gesi, bomba litoke ukuta wa nje moja kwa moja bila kona nyingi. Na hata usiponunua, mwambie fundi aache matofali ya matundu juu ya dirisha, karibu na dari. Hewa ya moto hupanda, na kama juu hakuna pa kutokea, hujikusanya kwenye jipsamu na kuipaka rangi ya chai.

Sasa simama kwenye mlango wa chumba cha kulia ukitazama nyuma, nikupangie. Sinki liwe chini ya dirisha la magharibi. Kutoka hapo kaunta ikunje kona, iendelee kwenye ukuta wa kushoto: kwanza sentimita 90 tupu za kukatia, halafu jiko la gesi, halafu sentimita 60 nyingine tupu. Hizo 60 usizidharau. Ndipo sufuria la wali linapotua likitoka motoni, na jikoni kwingi ninakoitwa kurekebisha ndizo zinazokosekana, mpishi anazunguka na sufuria la moto akitafuta pa kuliweka. Friji lisimame karibu na mlango wa chumba cha kulia, mgongo wake kwenye ukuta huo, ili mtoto anayetaka maji achukue na kuondoka bila kupita nyuma ya mtu anayekaanga. Mzunguko wa sinki, moto na friji utakuwa kama mita 6 kwa jumla, na vitabu vya ubunifu huridhika na kati ya 4 na 8. Upande wa kulia, kati ya milango miwili, usiweke kitu sakafuni. Ndiyo njia ya watu, na ndiyo njia ya upepo. Jiko la gesi halimo kwenye mkondo huo, kwa hiyo mwali hautayumba wala kuzimika. Kwa sababu hiyo hiyo, na kwa sababu ya mapazia, usikubali liwekwe chini ya dirisha hata kama kwenye picha linapendeza.

Chini ya lile dirisha la kupitishia chakula pawe na meza ya chini, urefu wa sentimita 73 hivi, bila kabati chini yake ili magoti yaingie. Hicho ndicho kisiwa chenu. Hapo mama atakaa kwenye kiti chenye mgongo, achambue mchele, akate mchicha, asukume chapati, huku anawaona wajukuu upande wa pili. Na mtu mzima huyo akiwa ameketi, hakuna atakayepita nyuma yake na mafuta ya moto.

Urefu wa kaunta ni jambo nililojifunza kwa aibu. Miaka ya nyuma nilichora jiko la mteja Tanga, nikaweka kaunta sentimita 92 kwa sababu ndivyo michoro niliyokuwa naiiga ilivyosema. Sikukuu ya Idi wakanialika. Nikaingia jikoni kusalimia, nikamkuta mama wa nyumba, mfupi wa wastani, amesimama juu ya kreti ya soda iliyogeuzwa, mabega yamepanda karibu na masikio, anasukuma chapati kwa ncha za vidole maana uzito wa mwili haukuufikia mpini. Shikamoo yangu akaiitikia vizuri, kisha akasema, "Mwanangu, umenijengea mimbari." Wote wakacheka, nami nikacheka. Wiki iliyofuata nilirudi na fundi kwa gharama yangu.

Kipimo sahihi unacho mwenyewe. Simama wima na kandambili unazopikia, kunja mkono, mtu apime kutoka sakafuni hadi kiwikoni. Kwa kukata na kupika, toa sentimita 10 hadi 15. Kwa kusukuma chapati au kukanda unga, toa hata 20, kwa sababu hapo unasukuma kwa uzito wa mwili na mkono lazima ushuke. Ukingo wa sinki unaweza kuwa juu kidogo ya kaunta, maana kazi yenyewe iko chini kwenye tako la sinki, na anayeosha vyombo nusu saa akiwa ameinama huumia mgongo. Kama kiwiko chako kiko 100, kaunta ya 86 au 87 itakufaa. Fundi atakwambia "saizi ni 90". Ni saizi ya mtu gani, muulize.

Nije kwenye makabati, maana hapa ndipo fedha inapopotelea. MDF ni unga wa nyuzi za mbao ulioshindiliwa na gundi. Ngozi yake ya juu huzuia maji vizuri, lakini maji hayaingii kwa ngozi. Huingia kwenye kingo zilizokatwa, kwenye tundu la bomba na kwenye miguu inayoguswa na fagio la maji. Nyuzi zikishiba hufura, na zikikauka hazirudi. Skrubu nazo hukosa pa kushika, mlango unaanza kuning'inia. Ile ya rangi ya kijani huvumilia unyevu wa hewa zaidi, ila haikutengenezwa ikae kwenye maji. Sasa fikiria jikoni kwetu: tunaosha sakafu kwa ndoo, sinki linavuja kidogo wiki mbili kabla mtu hajaona, na hewa ya Kigamboni ni ya chumvi. Simkashifu fundi wako. Kwa makabati ya juu, yaliyo mbali na maji na yasiyo juu ya moto, MDF ni sawa kabisa.

Chini fanyeni hivi. Kuta fupi za tofali zigawe vyumba vya kabati, juu yake imwagwe zege la unene wa nchi 3 lenye nondo, na rafu ya chini nayo iwe ya zege, imeinuliwa sentimita 10 kutoka sakafuni na kurudishwa ndani sentimita 7. Hapo ndipo vidole vya miguu vinapoingia ukisimama. Waashi wengi husahau nafasi hiyo, na usipoipata utapika umerudi nyuma, mgongo umepinda. Zege halifuri wala halichimbwi na mchwa. Milango ya mbele ndiyo iwe ya mbao, mninga au mkongo, yenye vipande vya luva ili ndani pasipate ukungu. Na kama fedha haitoshi mwaka huu, milango isubiri. Kaunta ya zege yenye pazia la kitenge ni jiko kamili, milango utaifunga mwakani. Bawaba, vitasa na skrubu vyote viwe vya chuma kisichoshika kutu, na karibu na bahari ulizia daraja la 316, au angalau 304. Bawaba za kawaida upepo wa chumvi huzimaliza mapema.

Juu ya zege unaweza kuweka graniti, au terazo, yaani saruji yenye kokoto ya kumwagwa na kusuguliwa hapo hapo, kama sakafu za majengo ya zamani ya Posta, katikati ya jiji. Mimi napenda terazo: haina viungo vya kushika uchafu, na unaichagulia rangi ya kokoto. Vigae ni rahisi zaidi, lakini mistari yake hunywa manjano na mafuta, kwa hiyo chagua saruji ya mistari ya kijivu na kigae kikubwa. Marumaru halisi, lile jiwe lenyewe, usiweke. Ndimu, siki na ukwaju huila, inabaki na mabaka ambayo hayafutiki, na jikoni kwenye samaki kila siku ndimu haikosi.

Kuhusu gesi naomba mume wako naye asome. Watu huweka mtungi karibu na dirisha wakiamini gesi ikivuja itapanda na kutoka. Gesi ya mitungi haipandi. Ni nzito kuliko hewa, kati ya mara moja na nusu na mara mbili, kwa hiyo hutambaa sakafuni, hujaa chini ya kabati, huteremka kwenye chemba, na kusubiri cheche. Yenyewe haina harufu. Ile unayoisikia imeongezwa ili ikuonye. Mtungi wenu ukae nje ya ukuta wa kushoto, nyuma ya jiko la gesi, umesimama wima ndani ya kizimba cha wavu chenye paa dogo na wazi chini, mbali na chemba na mbali na mkaa, isipungue mita 3. Bomba la gesi lipite kwenye tundu lililowekewa bomba la kinga wakati wa plasta, na vali ya kufungia iwe ndani, mahali mkono unafika bila kuvuka juu ya moto. Mkilazimika kuuweka ndani kwa muda, kabati lake liwe na matundu chini kabisa, usawa wa sakafu. Kila mnapobadilisha mtungi, pakeni povu la sabuni kwenye maungio. Likitoa mapovu, linavuja. Mkisikia harufu usiku, msiwashe wala kuzima taa. Fungeni vali, fungueni milango, tokeni.

Na mama? Kwa pwani, jiko la nyuma halikuwahi kuwa ushamba. Nyumba ya Kiswahili ina ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na uani nyuma ambako moto unakaa. Lamu, kwenye nyumba za mawe, jiko huwekwa juu kabisa, moshi uondoke na upepo usiwasumbue walio chini. Mababu walielewa kwamba kuna mapishi ya ndani na mapishi ya nje. Kwa hiyo ezekeni kibaraza cha kina cha mita 2 nyuma ya jiko, pande zake wazi. Kitafanya kazi mbili, maana dirisha lenu linatazama magharibi na jua la alasiri bila kivuli litageuza jiko kuwa tanuri. Upande wa kulia, kupita mlango, jengeni jukwaa la tofali la sentimita 45 ambalo jiko la mkaa litakaa juu yake, na benchi mbele yake, ili mama apike ameketi bila kuinamia moshi. Kando yake sakafu iwe ya saruji tupu isiyoteleza, si vigae, kwa sababu hapo ndipo kinu kitatwangiwa, na kigae chini ya kinu hakimalizi mwezi. Mbuzi ya nazi ipate nafasi yake. Bomba moja na sinki la zege la kuparia samaki, basi magamba hayataingia ndani kabisa.

Lakini mkaa usiingie jikoni, hata masika, hata kidogo tu "mpaka mvua ipite". Mkaa unaowaka chumbani hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu huanza kuumwa kichwa, akasikia usingizi, akalala. Ikimtokea mtu hivyo, mtoeni nje kwenye hewa kisha hospitali, msimsubiri ajisikie nafuu. Serikali nayo, katika mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa mwaka 2024, imejiwekea lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati hiyo ifikapo 2034. Mama msimsukume. Mwekeeni jiko la presha la umeme kwenye ile meza ya chini, alipikie maharage siku moja. Mama yangu mimi hatukumwambia neno, alihama mwenyewe, ila wali wa nazi bado ni mkaa na kifuniko chenye makaa juu, na sisi tunaokula hatulalamiki.

Umeme kwa ufupi. Soketi moja ya ampea 13 inabeba wati 3,000 hivi. Jagi la maji moto wati 2,000 na maikrowevu 1,200 kwenye ekstensheni moja tayari vimepita. Wekeni soketi nne mbili-mbili juu ya kaunta, mbali na sinki, friji lipate yake, na oveni ya umeme, kama ipo, ipate waya wake mnene kutoka kwenye ubao wa swichi kuu. Taa moja katikati ya dari itakutupia kivuli chako mwenyewe kwenye ubao wa kukatia, kwa hiyo acheni waya wa taa ukutani, juu ya kaunta.

Halafu kuna kitu ambacho sijawahi kukiona kwenye picha hizo hata siku moja: ndoo. Maji yakikatika wiki, ndoo za lita 20 na madumu yatakaa wapi? Katikati ya lile jiko jeupe. Chini ya sinki msijenge rafu, acheni nafasi ya ndoo mbili na diaba. Kona ya kaunta, ambayo mkono haufiki vizuri, ndiyo makao ya masufuria ya shughuli.

Uzuri je? Hujaniuliza wazi, ila picha zako zimeuliza. Chagua vitu vitatu tu na uvirudie: tuseme terazo ya kokoto nyeupe, mninga kwenye milango na vibao vya dirisha, na vigae vyeupe visivyometa ukutani. Kitu cha nne kikiingia, uzuri wake utashindana na wenzake. Nyumba za zamani za pwani zilikuwa na zidaka ukutani, vijishubaka vya kuwekea sahani za kauri. Kuta zenu zimeshasimama, na tofali la nchi 6 halifai kuchimbwa, lakini ubao mmoja wa mninga wenye kina cha sentimita 12 kando ya jiko la gesi utabeba iliki, mdalasini na binzari kwenye chupa, na utapendeza vivyo hivyo. Ukuta wa kulia, ule niliokuzuia kuweka kitu sakafuni, pigilia kulabu utundike ungo, kifumbu, mwiko na mkeka mdogo. Ungo mpya wa ukindu ukipigwa na jua la jioni kutoka magharibi, picha ya simu haiufikii. Weupe mtupu sikukatazi. Ila jua kwamba mwenye kuufuta ni mtu, na mwulize kwanza.

Yako mambo ambayo hayaamuliwi kwa maandishi. Kabla ya kutoboa dirisha, mhandisi au msanifu aliyesajiliwa aje aone kama linta imepita juu ya ukuta huo bila kukatika na kama kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa, zitalalia hapo. Kama zitalalia, hata tundu la mita 1.1 linahitaji hesabu yake, na kubomoa ukuta mzima ndiyo kabisa. Umeme ufungwe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya serikali inayodhibiti huduma za nishati na maji, umwombe akuonyeshe. Bomba la gesi lipimwe na fundi wa gesi, si fundi bomba wa maji aliyejitolea.

Kabla hawajafika, Jumapili hii, chukua kipande cha mkaa cha mama na futi kamba, muingie wote watatu. Chora kaunta, sinki, jiko na friji kwenye jamvi, yaani zege la sakafu, kwa vipimo nilivyokupa. Weka sufuria halisi, mpike pilau ya kuigiza kuanzia kuosha mchele hadi kupakua, na mume wako apite katikati akitafuta maji ya kunywa. Mtakapogongana, futa, chora tena. Kisha pimaneni viwiko, wewe na mama, na namba hizo mbili mpeni fundi kwa maandishi kabla hajafunga mbao za kumwagia zege.